Mzigo Ndio Huchagua Njia

Mtu wa kwetu akirudi kutoka ng'ambo, salamu hazijaisha ataulizwa nauli. "Mwalimu, ulilipa ngapi?" Nimeulizwa hivyo kwa kinyozi pale Keroka, nimeulizwa kwenye kituo cha kununulia majani chai karibu na Kebirigo nikiwa na kikapu mgongoni, nimeulizwa hata kanisani. Huwa nataja kiasi chochote kinachonijia kwanza, kwa kuwa najua hakitamfaa anayeuliza. Nauli ya kwenda Göteborg, mji wa bandari ulioko pwani ya magharibi ya Uswidi, haina maana mpaka mtu aseme kwanza amebeba nini na nani atamlaki.

Nilifundisha shule za msingi Nyamira miaka mingi. Baada ya kustaafu nilijiunga na kikundi cha wachongaji mawe wa Tabaka, upande wa wakwe zangu, nikawa mtunza hesabu wao na msemaji wao kwa wanunuzi wa nje. Binti wa shangazi yangu, ambaye kwetu ni dada, naye ni muuguzi Göteborg, ameolewa na kuzaa huko. Basi kati ya mawe na damu, nimejikuta nikiingia mji huo kwa mlango tofauti karibu kila safari: kwa treni kutoka Copenhagen, kwa ndege hadi Landvetter, kwa basi kutoka Oslo, na kwa meli ya usiku kutoka Kiel.

Waswidi walitutangulia kuijua njia hiyo. Mwaka 1948 wamishonari wa Kilutheri kutoka kwao walifungua kituo Itierio, si mbali na mji wa Kisii, na kazi yao ndiyo iliyozaa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Kenya. Chuo cha theolojia cha kanisa hilo kiko Matongo, kwetu Nyamira. Enzi zile mtu wa Ulaya alikuja kwa meli hadi Mombasa, akapanda gari la moshi, ambalo lilikuwa limefika ziwani Kisumu tangu 1901, kisha akamalizia kwa barabara ya udongo. Wazee waliotusimulia hawakuyajali majuma ya baharini. Walichokumbuka ni matope ya mwisho: gari limezama hadi ekseli, watu wameitwa kutoka mashambani waje kulisukuma, na mzungu mwenyewe kavua viatu. Nimekuja kukubaliana na wazee hao. Kipande kirefu cha safari hujiendea chenyewe, wewe umekaa tu unaletewa chakula. Kazi iko kwenye ncha mbili.

Ncha ya kwanza ni yetu. Viza ya Schengen haitolewi Nyamira wala Kisii. Ni lazima ufike Nairobi mwenyewe, uweke alama za vidole, ulipe ada ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, na uonyeshe bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa zaidi, hata kama utatua kwingine kwanza. Jambo hili huwachanganya wengi. Kijana mmoja wa Nyansiongo aliambiwa na wakala kwamba kwa kuwa ndege inashukia Copenhagen basi aombe viza ya Denmark, ilhali mwenyeji wake, barua ya mwaliko na kitanda vyote vilikuwa Göteborg. Wakala alikula pesa yake, kijana akabaki na barua ya kukataliwa.

Na kufika Nairobi kwenyewe si mchezo. Kutoka vijijini kwetu unaanza na Probox. Asiyeijua Probox ya Gusii hajasafiri: nyuma wanne, mbele wawili, na kiti cha dereva kina dereva na abiria mwingine tunayemwita sambaza, huku ndizi na kuku wakijitafutia nafasi kwenye buti. Makanga hufunga mlango kwa bega. Gari haliondoki mpaka lijae, na kujaa ni jambo ambalo makanga huliamua peke yake. Ukifika barabara kuu Keroka, matatu za Nairobi zinazotoka Kisii zinapita zikiwa zimejaa, kwa hiyo mara nyingi unarudi nyuma hadi Kisii ili uweze kwenda mbele. Halafu Sotik, Bomet, Narok, na mteremko wa Mai Mahiu wenye malori yaliyokwama ambayo hayajali ndege yako inaondoka saa ngapi. Siku hizi, nikiwa na mzigo wa thamani au mtu mzima wa kumsindikiza, napita Sondu hadi Kisumu na kupanda ndege ya Nairobi, safari isiyotimiza hata saa moja angani. Ni ghali zaidi, lakini Mai Mahiu imeshakosesha watu ndege za maelfu ya shilingi nikiwaona.

Safari yangu ya kwanza ilipitia Copenhagen, na mpaka leo ndiyo ninayomshauri mtu mwenye begi moja na miguu mizima. Kutoka Nairobi hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Göteborg, kwa hiyo utabadilisha tu mahali fulani. Uzuri wa Copenhagen ni kwamba kituo cha treni kiko ndani ya uwanja wa ndege wenyewe. Unachukua begi, unashuka, na treni zinazovuka kwenda Uswidi ziko pale chini. Kufika Göteborg ni saa tatu na ushei bila kubadilisha, kupitia Malmö, Lund, Helsingborg, Halmstad na Varberg.

Daraja la Öresund lilifunguliwa Julai 2000. Lina urefu wa karibu kilomita 8, na upande wa Denmark barabara na reli huteremka kwenye kisiwa kilichojengwa na watu, kisha vikaingia chini ya bahari kwa kilomita 4 hivi. Nilikaa dirishani nikiwa nimejiandaa kuona maajabu, nikaona ukungu. Abiria wa kando yangu alikuwa amelala mdomo wazi. Katika kituo cha Hyllie, cha kwanza upande wa Uswidi, polisi waliingia na kutukagua vitambulisho. Tangu wimbi la wakimbizi la 2015 ukaguzi umekuwa wa kawaida kwenye mpaka huo, ambao hapo awali watu walikuwa wakiuvuka wakienda kazini bila hata kuinua macho kutoka gazetini. Basi pasipoti isifungiwe kwenye begi kubwa huko juu. Niliona mwanamke akifungua sanduku zima kwenye njia ya kupitia, nguo za ndani zikionekana na behewa zima, polisi akisubiri kwa adabu.

Kaskazini ya Helsingborg treni huingia katika handaki la kilima cha Hallandsås. Kazi yake ilianza 1992 ikakusudiwa kuchukua miaka michache. Maji yakawashinda. Mwaka 1997 dawa ya kuzibia nyufa ikavuja hadi kwenye vijito, samaki wakafa na ng'ombe wa wakulima wakapooza. Ujenzi ukasimama, ukaanza tena, treni ya kwanza ya abiria ikapita Desemba 2015. Mzee Mswidi ndiye aliyenisimulia, kwa uchungu wa mlipa kodi. Nami nilifarijika, nikiri, kwa sababu nimezoea kusikia kwamba miradi inayokwama ni ya kwetu tu.

Landvetter ni hadithi nyingine. Huo ndio uwanja wa ndege wa Göteborg hasa, kilomita 20 hivi mashariki mwa mji, na basi lake hukufikisha kituo kikuu kwa nusu saa. Tiketi ya kutua hapo mara nyingi hugharimu zaidi ya ile ya Copenhagen. Kwa miaka kadhaa niliiona kuwa anasa. Kisha dada akajifungua mtoto wa pili, na Shangazi, ambaye umri wake umeshapita sabini na magoti yake hayamtii, akasema hatakufa kabla ya kumshika mjukuu. Nikapewa jukumu la kumpeleka.

Hapo hesabu ya nauli ilibadilika yote. Kumpandisha Shangazi kwenye treni ya Copenhagen, na masanduku, na yule polisi wa Hyllie, kungekuwa ukatili. Tulichukua ndege ya kupitia Istanbul. Tuliomba kiti cha magurudumu siku kadhaa kabla; huduma hiyo hailipiwi, na wazee wetu wengi hawaitumii kwa sababu wanaona aibu kusukumwa wakati wanaweza kutembea. Shangazi alikataa pia, mpaka alipouona urefu wa ukumbi wa Istanbul. Akakaa, akafunga leso yake vizuri, na kuanzia hapo akawa anawapungia watu mkono kama gavana kwenye mkutano wa hadhara.

Jambo ambalo mawakala hawalielezi ni mahali ambapo pasipoti itakaguliwa. Ukipitia Amsterdam, unaingia Schengen hapohapo Uholanzi, katikati ya umati, na ukifika Landvetter unatoka kama aliyetoka mji wa jirani. Ukipitia Istanbul, mlango wa Schengen ni Landvetter yenyewe. Kwa mzee asiyejua Kiingereza nilipendelea la pili: uwanja mdogo, foleni fupi, na kijana wa uhamiaji aliyekuwa na muda wa kusubiri nimtafsirie. Alimuuliza amekuja kufanya nini. Shangazi akamwonyesha picha ya mtoto kwenye simu, akamwonyesha na ya pili, na alipotaka kuonyesha ya tatu kijana akagonga muhuri.

Kulikuwa pia na suala la chakula. Shangazi hawezi kwenda kumwona mzazi mikono mitupu, na mzazi wa Kigusii anataka vyakula vyake. Alikuwa ameandaa unga wa wimbi, ndizi za kuiva kutoka soko la Nyakoe, na kibuyu cha amabere amaruranu, yale maziwa yetu ya mgando. Sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kuingiza maziwa wala nyama kutoka nchi kama yetu, kwa hiyo kibuyu kiliishia kwa ndugu zetu wa Embakasi, ambao hawakulalamika. Matunda mengi nayo huhitaji cheti cha afya ya mimea. Lakini kuna matano yaliyosamehewa: nanasi, nazi, tende, doriani, na ndizi. Shangazi aliponiona nikiisoma orodha hiyo kwenye simu alitaka kujua ni nani aliyewatetea watu wa Kisii huko Ulaya. Ndizi ziliingia Göteborg zikiwa zimeiva kupita kiasi na begi zima likinukia.

Siku ya pili tulipanda tramu. Ikafika kituoni, ikafungua milango, ikapokea watu wachache, ikaondoka. Shangazi akageuka huku na huku akihesabu viti. "Mbona linaondoka tupu?" Dada akamjibu: "Mama, huku gari halingoji watu. Watu ndio hulingoja gari." Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akauliza hasara hiyo hulipwa na nani. Ni swali zuri, na jibu lake ni kodi ya dada.

Kuhusu kulipa, nitoe tahadhari. Noti hazitakusaidia kwenye mabasi na tramu za Göteborg. Dereva hapokei pesa taslimu. Tiketi hununuliwa kwa programu ya simu au kwenye vioski. Mkenya hudhani hilo halimpi shida kwa kuwa M-Pesa tumekuwa nayo tangu 2007, wakati Waswidi walianza Swish yao mwaka 2012. Lakini Swish haikufungulii mlango kama huna akaunti ya benki ya Uswidi, na kadi nyingine za kwetu huzuiwa mpaka umpigie mwenye benki Nairobi. Kila ninapofika, mtu wa kwanza kunilipia nauli ya ndani ya mji huwa ni mwenyeji wangu. Ndiyo maana nasema mwenyeji ni sehemu ya usafiri.

Sasa mawe. Jiwe la sabuni la Tabaka ni laini kwa kisu lakini si jepesi kwa mgongo: kipande cha sentimita 10 kila upande hukaribia kilo 3. Kiboko mmoja wa mezani, bakuli la matunda na ubao wa chesi, tayari umekula robo tatu ya kilo 23 ulizoruhusiwa. Na jiwe hilo huvunjika. Akina mama wa Tabaka hulisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji, duru baada ya duru, mpaka mikono inakuwa myeupe kama ya mwashi, ndipo linapakwa nta na kung'aa. Kazi ya wiki moja inaweza kuishia shingo ya twiga iliyokatika kwa sababu mpakiaji wa uwanja fulani wa ndege alitupa begi. Imetutokea. Kampuni ya ndege ilitujibu kwa barua nzuri sana isiyo na hundi ndani.

Kwa sababu ya bei niliwahi kupitia Oslo na sampuli chache. Ndege ya kupitia Addis Ababa ilikuwa nafuu, na kutoka Oslo basi la Göteborg huchukua kama saa tatu na nusu. Nilikuwa pia na sababu yangu ya kizalendo. Katika uwanja wa Bislett, mjini Oslo, tarehe 10 Julai 1993, Yobes Ondieki mzaliwa wa Kisii alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 58.38, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 27. Nilitaka tu kupaona. Siku hiyo mwaka 1993 walimu tulikusanyika kwenye redio moja, na wazee wakawa wanatukumbusha Naftali Temu, Mgusii mwenzetu aliyeshinda mbio za umbali huohuo Mexico 1968 na kuiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Nilizunguka uwanja wa Bislett kwa nje. Umejengwa upya, na bawabu hakuwa akimjua Ondieki. Nilimweleza.

Lakini Oslo na mawe havipatani. Norwe iko ndani ya Schengen, kwa hiyo viza yako inatosha. Haiko ndani ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo bidhaa zako hazitoshi. Niliyaeleza mawe yale kwa forodha ya Norwe nilipotua, na nikayaeleza upya kwa forodha ya Uswidi nilipovuka mpaka hapo Svinesund, kuanzia ni jiwe gani mpaka kwa nini kiboko ana bei hii na faru bei ile. Kwa kuwa yalikuwa ya kuuzwa, nililipa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uswidi ni asilimia 25. Maofisa walikuwa waungwana, ankara zangu zilikuwa sawa, na bado basi lilikuwa limeniacha. Abiria wenzangu walikuwa Wanorwe wanaokwenda kununua nyama na peremende upande wa Uswidi ambako ni rahisi. Mtu asiye na bidhaa atafurahia njia hiyo: misitu, miamba, na ghuba nyembamba ya bahari chini ya daraja.

Njia ambayo mawe yenyewe huipenda ni maji. Kreti zetu hupelekwa Mombasa kwa lori na kuingia kontena la mnunuzi hadi Hamburg. Hata huko si salama siku zote. Mwishoni mwa 2023 Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, kampuni kubwa zilihamisha meli zao kutoka Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku kumi na zaidi za ziada. Vinyago tulivyovikusudia kwa soko la Krismasi vilifika Krismasi imeshaliwa. Wachongaji wa Tabaka, ambao wengi hawajaiona bahari, wakawa wanajua habari za Yemen kila jioni kuliko wanazuoni.

Safari iliyofuata nilikutana na kreti zetu Ujerumani. Baada ya maonyesho Hamburg zilisalia kama kumi na mbili, na rafiki mmoja wa kanisa aliyekuwa na gari la mizigo akanipa lifti hadi Kiel, tukaingia meli ya Stena Line inayokwenda Göteborg kila jioni. Gari linaendeshwa moja kwa moja hadi tumboni mwa meli, kati ya malori ya Kipolandi na ya Kiswidi, linafungwa kwa minyororo, nawe unapanda ngazi hadi chumbani kwako. Hakuna aliyepima kilo. Hakuna aliyelitupa begi. Kwa kuwa bidhaa zilikuwa zimeshalipiwa forodha Ujerumani, Göteborg hapakuwa na cha kueleza.

Tulikula pamoja na madereva wa malori, watu wanaokula haraka na kulala haraka. Usiku nilipanda sitahani kwa baridi ya kukata masikio ili nione meli ikipita chini ya daraja la Storebælt la Denmark, lile lililofunguliwa kwa magari 1998. Kutoka nguzo kuu moja hadi ya pili ni mita 1,624. Taa za magari zilikuwa juu kabisa ya vichwa vyetu na meli yenye ghorofa kadhaa ikapita bila kuinama. Asubuhi, baada ya kama saa kumi na nne majini, tukaingia kati ya visiwa vya miamba mitupu, ngome ya zamani kwenye kisiwa chake, kisha daraja la Älvsborg, na gati ya Majnabbe.

Mji huo uliasisiwa na mfalme Gustav II Adolf mwaka 1621, na bandari yake ndiyo kubwa kuliko zote za Skandinavia. Lakini zamani ilisafirisha pia watu. Kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi miaka ya 1920, zaidi ya Waswidi milioni moja waliihama nchi yao kwa njaa na ukosefu wa ardhi, na wengi walianzia Göteborg: meli hadi Hull, treni kuvuka Uingereza hadi Liverpool, meli nyingine hadi Marekani. Wengi wao walikwenda kulima Minnesota. Nani yuko Minnesota leo? Ukienda vitongoji vya Minneapolis utasikia Ekegusii dukani, kanisani na kwenye mazishi. Nina binamu wawili huko wanaotunza wazee wenye majina ya Kiswidi. Nilimwambia rafiki yangu wa gari jambo hilo tukiwa tunasubiri minyororo ifunguliwe. Alicheka, kisha akasema nyanyake mkubwa alikuwa na ndugu watatu waliopanda meli katika bandari hii na hawakuandika tena barua. Kwetu tungewatafuta. Tungefanya harambee.

Sijaitaja Stockholm kwa sababu sina mengi ya kusema. Ukitua huko, treni ya kasi hukufikisha Göteborg kwa saa tatu hivi, tiketi ikiwa nafuu kwa anayenunua mapema na ghali sana kwa anayenunua kituoni. Mabasi ni nafuu zaidi na hutumia karibu muda maradufu. Kuna pia meli ya mchana kutoka Frederikshavn, Denmark, kama saa tatu na nusu. Ni nzuri kwa anayekuja na gari kutoka Jutland. Sijaona Mgusii mwenye sababu ya kuipanda.

Ncha ya mwisho ndiyo inayowachosha wengi, na haiandikwi kwenye tiketi. Göteborg imekatwa na mto Göta. Kituo kikuu cha treni na gati za meli za Stena ziko upande wa kusini. Dada anaishi Hisingen, ng'ambo ya pili, kisiwani, ambako wahamiaji wengi wanaishi. Kuna daraja jipya la Hisingen lililofunguliwa 2021 ambalo tramu hulivuka, na kuna kivuko cha watembea kwa miguu kati ya Stenpiren na Lindholmen ambacho hakitozwi hata senti. Nikiwa na begi dogo hupenda kivuko hicho kuliko usafiri mwingine wowote wa mji ule. Nikiwa na kreti za mawe kivuko hakinifai, na teksi ya Uswidi itakula faida ya viboko wanne. Halafu kuna giza. Desemba jua huzama saa tisa na nusu alasiri, njia za miguu zinateleza, na nyumba za ghorofa za Hisingen zinafanana zote. Shangazi angefika saa hizo peke yake angelala kituoni.

Kwa hiyo ukitaka kwenda, acha kwanza kuniuliza nauli. Mpigie mwenyeji wako kabla hujakata tiketi, umuulize anaishi upande gani wa mto, siku hiyo yuko zamu ya mchana au ya usiku, na kama ana gari au anategemea tramu. Akikujibu hayo, njoo Tabaka siku yoyote isiyokuwa ya soko, ukiwa umelipima begi lako.